Maji ya Ijumaa, Maji ya Jumamosi

Ninyi vijana mmebahatika. Betri zenu huja zimezibwa juu, hazina vifuniko vya kufungua wala maji ya kuongeza, na zikifa mnazitupa bila mtu kuwauliza mliziua vipi. Sisi tuliulizwa. Mimi niliulizwa na meneja, nikaulizwa na mama yangu kuhusu suruali, na mara moja niliulizwa na mlinzi wa lango kwa nini natembea na bomba la kioo lenye mpira kichwani, kama mtu anayekwenda kumchanja ng'ombe. Lile bomba ni haidromita. Kama hamjawahi kuishika hamjapungukiwa na kitu, ila burudani imewapita.

Wengi wenu mnanijua kwa makala za magazetini na mnadhani nilizaliwa nimeshika kalamu. Hapana. Nilizaliwa nimeshika jembe, kama kila mtu wa Nyamira, kisha nikapelekwa chuo kikuu nikasomea umeme, nikarudi na shahada, viatu vyenye ncha, na imani kwamba Gusii nzima ilikuwa imesimama barabarani kunisubiri. Kweli watu walikuwa wamesimama barabarani. Walikuwa wamejikinga mvua.

Nikisubiri kazi, nilikaa kwa fundi Makori pale Keumbu. Makori alichaji betri za mabasi, na betri za wenye redio na santuri ambao umeme haukuwa umewafikia. Alikuwa mwalimu wangu wa kwanza wa kweli, na shida yake ilikuwa moja: nusu ya aliyoyajua ilikuwa sahihi kabisa, nusu nyingine ilikuwa uongo mtupu, na zote mbili alizisema kwa sauti ile ile. Aliponiambia nimwage asidi ndani ya maji polepole, kamwe nisimwage maji ndani ya asidi, alikuwa sahihi. Ukigeuza, mchanganyiko unachemka na kukurukia usoni. Aliponiambia niwe na magadi karibu, yale yale ambayo mama zetu huyatia kwenye mboga ya chinsaga, ili asidi ikimwagika niinyunyizie ipoe, alikuwa sahihi tena. Lakini betri aliipima kwa kulaza spana juu ya ncha zake mbili na kusoma cheche.

"Cheche ya bluu, betri ni nzima," alinifundisha. "Nyekundu, ni mgonjwa. Nyeupe, kimbia."

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Makori hakuwa na nyusi.

"Mogaka, mzee wangu, nyusi zako zilikwenda wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Zilikuwa zinanisumbua," akasema.

Ni yeye pia aliyeniambia nivae sufi, si pamba, na kwa kuwa nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la waongo, nikavaa suruali mpya ya kaki. Asidi ina adabu ya ajabu. Ikikurukia nguoni haisemi kitu. Inangoja nguo ifuliwe. Mama yangu alikwenda mtoni na suruali, akarudi na mkanda na zipu.

"Suruali iko wapi?" nikamuuliza.

"Hii hapa," akasema, akinyoosha ile zipu. "Ndiyo iliyohimili masomo yako."

Kuanzia siku hiyo nilivaa sweta yangu kuukuu ya shule na suruali ya sufi hata jua lilipowaka, na watu wa Keumbu wakaamini nina malaria isiyoisha.

Kazi ilipatikana katika kiwanda cha chai upande wa Ikonge. Nitawaeleza kwa nini kiwanda cha chai kilihitaji mtu wa betri, maana hata mimi nilishangaa. Chai ikishakauka hunasa kila harufu inayopita karibu. Ukipitisha trekta ndani ya stoo ya kufungashia, mnunuzi huko ng'ambo atakunywa dizeli, na barua yake haitakuwa ya kukusifu. Ndiyo maana kiwanda kilikuwa kimeagiza gari la betri: kiti kimoja, magurudumu manne, usukani, na trela nyuma la kubebea makasha ya chai kutoka stoo hadi jukwaa la kupakilia lori. Chini ya kiti kulikuwa na sanduku la chuma lenye seli kumi na mbili, kila moja ndefu kama mtoto anayeanza kutambaa akisimamishwa. Kwa kuwa lilikwenda bila kelele, wapakiaji waliliita Bubu.

Bubu aliendeshwa na mwanamke aitwaye Kwamboka. Msidhani kiwanda kilikuwa mbele ya wakati wake. Gari lilipofika, wanaume waliliogopa. Walisema kitu kinachotembea kimya hivyo lazima kina mawazo yake. Kwamboka wakati huo alikuwa akichambua chai amesimama kutwa.

"Miguu ilikuwa inaniuma," aliniambia. "Nikaona kiti."

Alikaa, akakanyaga, likaenda, na hakushuka tena. Kabla ya hapo alikuwa mchumaji, mwenye kikapu mgongoni na nailoni kiunoni, kwenye miteremko ya chai ambako mvua hunyesha kila alasiri kana kwamba imeandikiwa ratiba. Hakuwa na hamu yoyote ya kurudi huko, na hakulificha hilo. Aliendesha amejifunga leso kiunoni, na honi hakuipiga kwa sababu, alisema, honi inakula chaji. Alipiga kelele mwenyewe: "Pisha! Pisha wewe mwenye kichwa!"

Miezi michache baada ya mimi kufika, Bubu akaanza kuchoka. Kutoka stoo hadi jukwaani kulikuwa na mwinuko wa saruji, si mrefu lakini mkali. Zamani aliupanda na trela limejaa. Sasa alifika katikati, akanguruma, akasimama, na wapakiaji wakashuka kusukuma huku wakiimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika.

Meneja wetu, mtu mnene wa tai fupi, alifurahi kuliko inavyomfaa mtu mwenye mali inayoharibika. Alikuwa na shemeji yake aliyejua kuendesha trekta na asiyejua kitu kingine. Akaniita mimi na Kwamboka.

"Betri imekufa," akasema. "Na aliyeiua ni huyu. Anaendesha kama anayekimbiza mwizi."

"Mwizi gani anakimbia polepole hivyo?" Kwamboka akauliza.

"Lori kubwa linakuja mwisho wa mwezi. Bubu akipanda mwinuko na trela limejaa, sawa. Asipopanda, nitamuuza chuma chakavu na kuleta trekta, harufu tutaipangia dawa. Na wewe, mama, kikapu chako bado kipo."

Tulipotoka nje, Kwamboka hakunitukana, jambo lililonitisha zaidi.

"Bwana Injinia," akasema, "wewe ulisomea hii kitu au ulisomea viatu?"

Nikaanza kazi. Kwanza nieleze haidromita inasema nini. Unavuta asidi kidogo kutoka kwenye seli, na ndani ya bomba kuna kielea kidogo cha kioo, mfano wa boya. Asidi ikiwa nzito, kinaelea juu. Ikiwa nyepesi kinazama. Seli ikishiba chaji, asidi huwa nzito na kielea husoma elfu moja mia mbili na themanini au karibu na hapo. Seli za Bubu, baada ya kuchajiwa siku nzima, zilisoma chini ya elfu moja mia mbili. Zilikuwa zinakula na hazinenepi.

Kila mtu alikuwa na nadharia. Kitabu changu kilisema ni uzee. Mlinzi alisema kuna watu wanaiba asidi na kuwauzia wapika chang'aa wa Kebirigo, na akanitajia majina ya maadui zake wote. Kwamboka peke yake ndiye aliyesema jambo lenye kichwa na miguu, na mimi sikulisikia vizuri kwa sababu lilikuwa halimo kitabuni.

"Ijumaa anapanda," alisema. "Jumatatu ndiyo anatembea kama bibi harusi. Hatua moja, anasimama, watu wamtazame."

Nilipima seli moja moja, nikitarajia kumkuta mkosaji. Uzee huua betri kama unavyoua wazee wa kijiji: anaanza huyu, anafuata yule, wengine wanabaki wakilalamika. Lakini seli zote kumi na mbili zilikuwa dhaifu kwa kiasi kile kile. Nilikaa juu ya kasha la chai nikalifikiria hilo, na nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kufikiri tangu nitoke chuoni. Hapo awali nilikuwa nakumbuka tu. Kama zote zimedhoofika sawasawa, basi kuna kitu zote zimefanyiwa sawasawa. Nikainama. Chini ya sanduku, saruji ilikuwa imeliwa na kuwa nyeupe na laini kama jibini. Asidi ilikuwa inatoka. Haikuwa inaibwa. Ilikuwa inafurika.

Sasa niwajulishe watunza betri wawili. Ogeto alikuwa Msabato wa Ikonge, mrefu, mwimbaji wa besi, mtu asiyegusa hata kahawa. Ombati alikuwa Mkatoliki, mfupi, mcheshi, na kahawa haikuwa kitu kikali kuliko vyote alivyogusa. Walipangwa vizuri: Ogeto hakufanya kazi Jumamosi, Ombati hakufanya kazi Jumapili, na siku nyingine zote walipokezana. Kabla mimi sijafika, walikuwa wamebishana kuhusu siku ipi Mungu alipumzika, ubishi ukawa mkali mpaka mtungi wa maji ukavunjika, na wapakiaji wakawapatanisha kwa sharti moja: ndani ya chumba cha chaji hakuna kutaja Jumamosi wala Jumapili. Walilishika sharti hilo kwa uaminifu wa kutisha. Walipendana, waligawana obokima, yaani ugali, walizikiana wazazi, na kila mmoja hakujua kabisa mwenzake alifanya nini wikendi. Mimi pia sikujua. Siku zangu zote mbili za wikendi, Jumamosi na Jumapili, niliabudu godoro.

"Wewe unakuja Jumatatu kupima maiti," Kwamboka akaniambia. "Njoo uone anavyouawa."

Ijumaa hiyo sikuondoka mapema. Alasiri, jua likiwa bado juu kidogo, Ogeto aliingia chumba cha chaji na jagi la maji safi tuliyoletewa kutoka Kisumu. Akafungua vifuniko, akajaza kila seli hadi shingoni, akiimba taratibu. Kisha akachomeka chaja.

"Ogeto," nikasema, "unatia maji kabla ya chaji?"

"Leo tu, Bwana Injinia. Siku nyingine natia baada ya chaji, kama kitabu chako."

"Kwa nini leo?"

"Chaji itaisha kesho. Kesho mimi siko."

"Si Ombati atakuwepo? Atatia yeye."

Alinitazama kama nimetapika kwenye kiti cha kanisa. "Mtu ashike Sabato yake halafu amwachie jirani mzigo? Yaya, hapana. Mimi nikienda kupumzika, betri nayo naiacha imeshiba."

Akaosha mikono, akavaa koti, akaenda zake nyumbani kabla jua halijazama. Nilitaka kumrudisha. Lakini nilijua kuwa nusu ya jibu ni mbaya kuliko kutokuwa na jibu, kwa hiyo nikaacha.

Hapa, vijana, shikeni hili hata kama mtasahau mengine yote. Betri inapochajiwa hupata joto, asidi hutanuka, na mwishoni seli hutoa mapovu kama chungu cha uji. Ukiwa umejaza maji hadi shingoni kabla ya chaji, itamwagika, na kinachomwagika si maji uliyotia. Ni mchanganyiko, asidi ikiwemo. Ndiyo maana maji hutiwa baada ya chaji, seli zikiwa zimeshatulia. Kabla ya chaji unaongeza tu ikiwa sahani za risasi zilizo ndani zimebaki wazi, na hapo unazifunika tu basi.

Jumamosi niliacha godoro likiwa la moto. Nilikuta sanduku limefurika, povu limepita kwenye vifuniko, saruji inafoka polepole. Baadaye Ombati akaja akipiga mluzi. Akachungulia seli, akazikuta zimepungua, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini," akasema. "Ogeto hayuko, na betri imekauka."

Akachukua jagi, akazijaza zote.

"Ombati, huwa unafanya hivi kila wiki?"

"Sasa nimwache mwenzangu aje kesho akute kazi imelala? Yule ni ndugu yangu."

"Umewahi kumwambia?"

Ombati akaangalia mlango kwanza. "Nimwambie nilichofanya Jumamosi? Bwana, unataka tupigane tena?"

Basi ndivyo Bubu alivyokuwa anauawa: Ijumaa kwa wema, Jumamosi kwa wema zaidi. Kila wiki asidi kidogo ilimwagika sakafuni, na kila wiki maji safi yalichukua nafasi yake. Yale maji ya Jumamosi yalikaa juu bila kuchanganyika hadi chaji nyingine, ndiyo maana mimi nilipopima Jumatatu asubuhi nilipata namba za kuogofya kuliko hali yenyewe. Nilikuwa ninapima maji ya Ombati.

Jumatatu niliwaita wote watatu, Kwamboka akiwemo. Nikavunja sharti, nikasema Jumamosi kwa sauti. Ogeto na Ombati walisikiliza, wakatazamana, kisha badala ya kuona aibu, kila mmoja akamgeukia mwenzake kwa hasira ya mtu aliyefichiwa zawadi.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unanitilia maji?" Ogeto akauliza.

"Na wewe ulikuwa unanijazia ili nisifanye kazi? Nilikuomba?"

"Mimi nilikuonea huruma!"

"Mimi ndiye nilikuonea huruma!"

"Nyamazeni," Kwamboka akasema. "Mimi nakaribia kurudi na kikapu shambani, na walioniloga ni wawili wanaopendana."

Tulirekebisha. Lakini msiige bila kufikiri. Betri ikisoma chini, mara nyingi asidi haijapotea. Imeingia ndani ya sahani, na chaji ndefu itaitoa. Ukikimbilia kuongeza asidi kwenye betri yenye njaa tu, utachoma sahani na utakuwa umeua kweli. Tuliongeza kwa sababu tulijua imemwagika, tumeona ilipomwagika, na baada ya kuchaji mpaka kielea kikakataa kupanda zaidi. Tulivuta kiasi kutoka kila seli, tukatia asidi nzito zaidi kidogo kidogo, tukachaji, tukapima, tukavuta tena. Ogeto alivuta, Ombati alitia, na mimi nilipima nikiwa na sweta yangu ya shule, jasho likinitoka kama mgonjwa wa Keumbu. Seli zikapanda, moja baada ya nyingine, hadi kumi na moja zikafika mahali pake. Ya kumi na mbili ilibaki nyuma kidogo, na hatukuwa na muda wa kuibembeleza.

Likabaki swali la nani atatia maji kuanzia hapo. Ogeto hakukubali awe Ombati, Ombati hakukubali awe Ogeto, na wote wawili hawakukubali mimi, kwa sababu wangejuaje kama nitaamka.

"Leteni jagi," Kwamboka akasema.

"Wewe unasali siku gani?" Ombati akauliza, akitaka kujua ushindi umeelekea upande upi.

"Mimi nasali nikiwa kwenye mwinuko," akasema, na akaondoka na jagi.

Lori likaja. Meneja alisimama juu ya jukwaa na shemeji yake kando, amevaa gamubuti mpya kana kwamba trekta limeshafika. Trela lilijazwa makasha hadi matairi yakabonyea. Ogeto na Ombati walisimama ukutani, bega kwa bega, wamekunja mikono. Kwamboka akapanda kitini.

"Pisha!" akaita, ingawa hakukuwa na mtu mbele yake.

Bubu akaanza kupanda. Polepole, lakini alipanda. Alipofika katikati, pale pale alipozoea kufia, meneja akainua mkono.

"Simama!"

Wapakiaji wakaguna. Hata mtu asiyejua umeme anajua kwamba kuanza kutembea katikati ya mwinuko na mzigo ni kazi kubwa kuliko kuendelea. Hapo ndipo betri hutoa nguvu nyingi kwa mkupuo, na seli moja iliyo nyuma inaweza kuziangusha zote. Kwamboka akasimama, akaliegemeza gari kwenye breki.

"Haya, nataka nione likianza hapo," meneja akasema. "Bwana Injinia, litaweza?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi ndefu tayari, yenye ampea ndani yake.

"Usimjibu," Kwamboka akaniambia bila kugeuka. "Ukianza kueleza tutalala hapa."

Akakanyaga. Bubu akatoa mngurumo mzito wa chini, trela likavuta nyuma kiasi cha kucha, kisha likaacha. Gurudumu moja likazunguka, jingine likafuata. Hakuna aliyeimba. Akapanda hadi jukwaani, akasimama sawasawa nyuma ya lori.

Meneja aliivuta tai yake fupi. "Vizuri," akasema. "Gari litabaki."

"Na mimi?" Kwamboka akauliza.

"Nimesema gari. Gari kama hili linahitaji dereva mwenye leseni." Akamsukuma shemeji yake mbele. "Mpishe, alizoee. Makasha mengine bado yako chini."

Kwamboka alishuka, akasimama kando ya trela. Shemeji akakaa. Akatazama chini, akatazama pembeni, mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa karibu na goti, ukitafuta gia mahali ambapo hakuna gia, huku mguu wake ukitafuta klachi ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza. Wapakiaji walisubiri. Dereva wa lori akapiga honi. Juu ya vilima mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi, na tone la kwanza likaanguka juu ya kasha la chai ambalo halikuwa limefunikwa, likaacha doa, kisha tone la pili.

Meneja akatazama mbingu. Akatazama makasha. Akamtazama shemeji yake, ambaye sasa alikuwa ameinama hadi chini ya usukani.

"Kwamboka," akasema, "endesha."

Hakukimbia. Alimngoja yule bwana ashuke, akafuta kiti kwa ncha ya leso yake, ndipo akakaa.